Mstari Niliouruka

Kaka yangu Mbwana,

Salamu za nyumba nzima zikufikie hapo Tanga. Ya kwanza ni ya baba, ambaye hasemi kitu lakini kila Ijumaa akitoka msikitini huuliza kama kuna barua. Mama hajambo. Shangazi Mishi hajambo, na ameniambia nikuandikie kwamba mguu wake umepona ila ulimi bado.

Utashangaa kuona nimekuandikia kwa herufi za chuoni, hizi za Kiarabu, kama unavyomwandikia baba, wala si kwa herufi za skuli. Mkono wangu ni mbaya, najua. Ni miaka mingi tangu nizitumie, na jana nimechana karatasi tatu kwa kusahau nukta. Nimefanya hivi makusudi, ili uisome barua hii mwenyewe, mstari kwa mstari, asiwepo mtu wa kukusomea. Niliwahi kukusomea barua mimi, nikaisoma vibaya, na nilifanya hivyo hali najua. Nataka nikuambie habari hiyo leo, maana nimeibeba miaka miwili na imenishinda.

Lakini niache nianze mbali kidogo. Nikianza na kosa lenyewe nitaogopa, nifunge wino.

Nakumbuka siku baba aliposema mimi nitoke skuli. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne. Alikuwa ameketi sebuleni anapepeta mtama na mama, akasema bila hasira, kama mtu anayesema mvua imekatika, "Mtoto wa kike akijua kusoma barua yatosha." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kitabu changu. Wewe ulikuwa mlangoni unapiga randa mguu wa kitanda cha watu, ukajibu huku huinui kichwa, "Barua zenyewe siku hizi zaja kwa Kizungu, baba. Mwache afike huko."

"Na nani atampeleka? Changamwe si hapo jikoni."

"Mimi. Njia ni moja."

Njia haikuwa moja. Karakana yenu ya useremala ilikuwa upande huu wa Changamwe, na kituo cha basi kilikuwa mbele zaidi. Miaka mitatu ulinipakia nyuma ya baisikeli kutoka Jomvu Kuu, ukanifikisha kituoni, kisha ukarudi nyuma kwenda kazini. Mimi nilikuwa nasoma njia nzima. Tukifika kwenye mashimo ulikuwa unasema, "Shika koti, msomi. Ukianguka, kitabu hakikushiki." Hata siku ya mvua, tulipoteleza tukaingia sote wawili katika tope la mihogo ya watu, neno lako la kwanza lilikuwa, "Kitabu kizima?"

Nilipofika darasa la saba nilikuwa nimekuwa macho ya mtaa. Karatasi za shamba, barua za wana walioko melini, vyeti vya hospitali, vyote vililetwa kwetu. Wewe uliketi kando yangu ukisikiliza kama mwenye mali. Mtu akishukuru, ulijibu wewe: "Ahsante ya nini? Ndiyo kazi yake."

Na jioni, baada ya alasiri, ilikuwa banjo.

Ile banjo uliitengeneza mwenyewe, mkono wake wa mti wa mfenesi, tumbo lake debe la duara ulilowamba ngozi ya mbuzi. Nyuzi ulizifumua kwenye waya za breki za baisikeli. Rafiki yako Jumbe alipopata banjo ya kwake, ya dukani, yenye misumari ya kung'aa pembeni, alikuja kujionyesha. Ukapiga ya kwako, akapiga ya kwake, halafu akasema, "Hii yangu yasema Kizungu. Yako ni ya hapa." Akaiweka chini, akaomba ajaribu yako.

Halafu akaja Kalume, kutoka Rabai, mliyefahamiana naye alipokuwa kibarua wa kubeba mbao pale karakana. Yeye na ngoma yake. Nakumbuka alipofika mara ya kwanza alisimama nje akapiga hodi mpaka sauti ikamkauka. Shangazi alikuwa amemsikia tangu ya kwanza. Alipotoka akamwambia, "Wewe Mrabai, ukipiga ngoma kama unavyopiga hodi, tutalala viziwi." Kalume akacheka akasema, "Ngoma ni ya pole zaidi, mama." Tangu siku hiyo hakupiga hodi tena, alikuwa akiingia tu na kuulizia maji.

Mlikuwa watatu, na hamkujiita jina lolote. Mkipiga arusi za Jomvu, na mara moja ya Magogoni, mlikovuka maji ya chumvi mpaka magotini na banjo juu ya vichwa. Mlipiga kwa pilau. Na popote mlipopiga, wewe ulikuwa na desturi moja ambayo mimi niliipenda kuliko hata nyimbo. Hukuanza mpaka watu wameketi. Ulisimama na banjo kifuani, ukatazama watu kwa upole, ukangoja. Mwenye kuhama mkeka akahama, mwenye kumtafuta mtoto akamtafuta, wazee wakapishana vikombe. Mtu wa mwisho alipotua, ndipo kipande chako cha pembe kilipogusa uzi. Jumbe aliwahi kukuuliza mbona hupigi tu, watakaa wakisikia. Ukamwambia, "Huwezi kumsalimu mtu aliyekupa mgongo." Na wimbo wako wa kufungulia ulikuwa na maana hiyo hiyo:

Karibu mgeni wetu, kiti chako kiko wazi,
Hatuanzi neno letu, hujaketi bado mwenzi.

Watu walipousikia walicheka, maana walikuwa wameshakaa.

Sasa nafika kwenye barua.

Kalume ndiye aliyesikia habari ya tamasha la jazi pale Changamwe, katika ukumbi mkubwa. Bendi kutoka kisiwani zinakuja, zenye saksafoni na gitaa za umeme, na ati wanakaribisha na vikundi vya kwetu. Kalume akamwomba karani mmoja amwandikie ombi. Mkangoja wiki nyingi mpaka Jumbe akaanza kusema karani alilifungia samaki lile ombi. Kisha siku moja Kalume akaja mbio na bahasha ndefu yenye muhuri. Ilikuwa baada ya alasiri na sote tulikuwa uani. Ulipangusa mikono, ukaichukua kwa vidole viwili kama kitu kibichi, ukanipa mimi.

"Soma, msomi wetu."

Niliifungua. Ilikuwa kwa Kizungu, imepigwa taipu, mistari kumi na kitu. Niliisoma yote kwanza kwa macho, kama mwalimu wangu alivyonifundisha. Mistari ya juu ilikuwa mizuri. Ilisema kamati inashukuru, na kundi lenu linaalikwa kupiga Jumamosi fulani saa kumi. Kisha ukaja mstari wa chini yake. Nitauandika hapa kwa Kiswahili chetu, sikuongeza wala sikupunguza: "Kundi lenu litapiga katika muda wa mapumziko, wakati bendi zinabadilishana vyombo na watu wanatoka kunyoosha miguu na kununua vinywaji, na kwa hiyo halitahesabiwa miongoni mwa bendi za tamasha."

Niliinua macho. Ulikuwa umepiga magoti mbele yangu, Mbwana. Kwenye nyusi zako kulikuwa na vumbi la mbao. Jumbe alikuwa ameshika mkono wa Kalume bila kujijua. Nikasoma kwa sauti mistari ya juu, nikauruka ule, nikamalizia na jina la aliyetia sahihi.

"Hayo tu?" uliniuliza.

"Hayo tu."

"Mbona karatasi ni ndefu?"

"Kizungu kina maneno mengi, kaka."

Jumbe akaruka akapiga kelele. Kalume akaanza kucheza kwa bega moja kama wafanyavyo kwao. Shangazi alitoka jikoni na mwiko akauliza nani amekufa. Na wewe hukuruka wala hukupiga kelele. Ulinishika kichwa kwa mikono miwili ukasema polepole, "Waona faida ya skuli?"

Nilijiambia nitakueleza kesho. Kesho yake ulikuwa umeshamwambia baba. Keshokutwa ulikuwa umewaambia watu wote wa karakana. Baba, ambaye hakuwahi kuisifu banjo hata mara moja, alikuuliza mbele yangu, "Huko kwenye jazi, mtavaa nini?" Basi ningekuambia vipi? Kila siku iliyopita ilifanya neno liwe zito kuliko jana. Uliichukua ile barua ukawa unaiweka mfuko wa shati, na kila ulipotoka niliomba Mungu usikutane na mtu anayejua kusoma Kizungu. Nilikuwa naomba hivyo ndani ya sala, astaghafirullah.

Mlibishana juu ya nguo siku tatu. Jumbe alitaka tai. Wewe ulitaka kanzu na koti. Kalume akasema, "Mimi nikivaa kanzu, mama yangu Rabai atasikia nimesilimu, aje na mchungaji wake wote wawili wanilie." Mkakubaliana mashati meupe na suruali nyeusi. Mashati alishona Shangazi, na la Kalume akalishona kubwa mno, akasema ni kwa ajili ya kupumulia.

Nilikuwa nakutazama ukifanya mazoezi. Uliupunguza wimbo wako wa mgeni, ukaukaza, ukaupa mwendo mpya ili ufae jazi. Jasho lilikutoka. Ilikuwa bado kuna nafasi ya kukuambia, siku ishirini, siku kumi, siku mbili. Mimi niliyemaliza vitabu vyote vya kabati la skuli sikuweza kutamka mstari mmoja.

Siku yenyewe baba alinipa ruhusa kwa sababu Shangazi Mishi alikuwa nami, na kwa sababu ilikuwa mchana. Pale langoni uliitoa ile barua ukampa bawabu, kwa heshima, kwa mkono wa kulia. Aliisoma. Nilimwona akifika kwenye ule mstari, macho yake yakasimama, akakutazama wewe na shati lako jeupe. Nikajua sasa yamekwisha. Lakini alikuwa mtu mwema, au mtu mwenye haya kama mimi. Akaikunja akakurudishia, akasema tu, "Haya, piteni mlango wa nyuma."

Mimi na Shangazi tuliketi mabenchi ya wanawake, upande wa kushoto. Bendi ya kisiwani ilipiga, na nitakuwa mwongo nikisema haikuwa nzuri. Ile saksafoni ililia mpaka Shangazi akanong'ona, "Huyo mtoto ana mapafu mangapi?" Kisha ikanyamaza, na mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba sasa ni mapumziko, soda ziko nje, na vijana wa banjo watatuburudisha kidogo.

Mkatoka ninyi watatu. Watu wakainuka.

Nadhani hukuyasikia maneno ya mtangazaji, au uliyasikia ukadhani ni ya bendi iliyomaliza. Ulikuja mpaka mbele, ukaiweka banjo kifuani, ukatazama watu kwa ule upole wako, ukangoja wakae.

Nilipata kusoma kwamba wakati hauendi sawa kwa kila mtu, na siku ile niliamini. Mabenchi yalikwaruza sakafu. Vijana waliitana. Watoto walipita mbele yenu na chupa mkononi. Nyuma yenu watu walikuwa wanasukuma ngoma kubwa za bendi inayofuata. Jumbe alikukanyaga mguu, niliona. Kalume alikuwa ameinua mikono juu ya ngoma na mikono ikaganda pale. Wewe ulitabasamu, ukawatikisia kichwa wenzio, maana yake: bado kidogo, wageni hawajatua.

"Mbona watu watoka?" Shangazi aliniuliza. "Kuna moto?"

"Wanakwenda kunywa soda, shangazi."

"Hali watu wamesimama mbele yao? Hawa hawana wazee?" Akasimama, Mbwana, na buibui lake, na mguu wake mbovu, akapaza sauti, "Enyi! Ketini! Yuko mtu mbele yenu!" Wanawake wa safu yetu wakaketi. Mama mmoja wa Kitaita akamvuta mwanawe akamkalisha kwa nguvu. Tulikuwa kama kumi na watano. Ukatuona. Ukatuinamia kichwa, ukapiga.

Sijawahi kukusikia ukipiga vile. Ulimaliza ubeti wa kwanza, ukaingia wa pili. Na hapo mtangazaji akaja akakugusa bega, na mpiga ngoma wa bendi nyingine akajaribu ngoma yake, du, du, kichwani mwenu. Hukukasirika. Uliukata wimbo taratibu kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto, ukayaambia mabenchi, "Ahsanteni kwa kutusikiliza."

Njia ya kurudi tulitembea. Jumbe hakuweza kunyamaza. "Dakika kumi, Mbwana! Wametupa kumi, saba umesimama kama mnazi!" Kalume akasema, "Mwache, bwana." Wewe ukasema, "La, ni kweli. Nimekosa mimi. Nimewangoja sana. Watu wa jazi hawangojwi, ilikuwa nijue." Ukarudia tena tulipofika karibu na nyumbani: "Ilikuwa nijue."

Nilikuwa hatua mbili nyuma yako. Mstari ule ulikuwa mdomoni mwangu mzima, kwa Kizungu na kwa Kiswahili. Ningeusema, ungejua kwamba hata ungeanza kupiga na hujafika jukwaani, watu wangeondoka vile vile, maana wakati wenyewe ulikuwa wa kuondoka. Haikuwa adabu yako iliyoharibu. Lakini ungejua pia nani alijua. Nikanyamaza.

Wiki ile ulilegeza nyuzi zote, ukaitundika banjo ikiwa imeugeukia ukuta. Miezi minne baadaye ulipata kazi Tanga. Sijui kama uliondoka kwa sababu hiyo, na sitaki kujifanya najua. Kazi ilikuwa nzuri. Lakini asubuhi ya safari mama alikuuliza kama huichukui banjo, ukamjibu, "Mimi si mtu wa mambo hayo, mama. Nilijaribu nikaona." Nilikuwa nafunga kamba ya sanduku lako. Niliifunga mafundo mengi mno, ukanicheka.

Miaka miwili nimejitetea moyoni kwamba nilikuhurumia. Nimesoma, nimekua kidogo, nimekaa na jambo hili, na sasa naona nilijihurumia mimi. Sikutaka kuuona uso wako ukibadilika na mimi ndiye niliyeshika karatasi. Ulinipeleka skuli kwa baisikeli, kwa mvua na kwa jua, ili nyumba hii iwe na mtu wa kusoma. Na siku moja tu ulipohitaji kusomewa kitu chako mwenyewe, si cha jirani wala cha baba, nikakuficha. Wale wasiojua kusoma Kizungu hukosewa na watu wa mbali, makarani na wenye mihuri. Wewe ulikosewa na msomi wako.

Kilichonifungua mdomo ni Jumbe. Huku sasa ni maandalizi ya uhuru. Skulini tunashona vibendera, na barazani baba na wenzake wanabishana habari za mwambao kujitenga na bara mpaka chai inapoa. Alhamisi iliyopita Jumbe na Kalume walikuja. Watu wa Changamwe wanataka vikundi vya kupiga siku ya sherehe, wamewauliza na wao. Shangazi alikuwa anakuna nazi mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa, Jumbe, lakini usianze."

Akaanza. Alisema hawezi kupiga bila wewe, na wewe huwezi kupiga kwa sababu ya maringo yako ya siku ile. Alisema, "Mbwana alitaka watu wakae kama wako msikitini. Alituaibisha, shangazi, nasema kweli. Tungepiga tu tungesikika." Na Shangazi, ambaye hujibu kila kitu, akaendelea kukuna nazi.

Nilikuwa ndani. Nililifungua kasha lako la misumari, ambako uliiacha barua, nikatoka nayo. Jumbe aliponiona akasema, "Haya, msomi katoka pangoni!" Nikasema nina kitu cha kusoma. Nikawasomea yote, kwa Kizungu kisha kwa Kiswahili, na nilipofika kwenye mstari ule sikuuruka. Nikawaambia kwamba siku ile niliuruka.

Mbuzi ya nazi ilinyamaza. Jumbe akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Kwa hiyo sisi tulikuwa wa soda."

"Ndiyo."

"Na yeye hakujua."

"Hakujua. Hakuna aliyejua ila mimi."

"Na mimi miaka miwili namtukana." Kisha akaniambia, "Umefanya vibaya, mwanamke wewe. Wallahi vibaya sana." Ni kweli, na nilishukuru kuyasikia kwa mtu mwingine. Shangazi hakunitetea.

Kalume ndiye aliyecheka, kicheko chake kile cha tumboni. "Mimi ningekwenda tu," akasema. "Kwetu nimepiga mpaka mbele ya mbuzi. Mtu anayekunywa soda si anasikia?"

"Mimi nisingetia mguu!" Jumbe akapaza sauti. "Nipigie watu wanaokwenda chooni? Mimi?"

"Ungevaa shati lako jipya ukae nalo nyumbani?"

"Ningekaa nalo! Na heshima yangu!"

Wakabishana mpaka karibu magharibi, na mimi nikiwa nimesimama na karatasi. Na katika ubishi wao ndipo nilipoona kitu ambacho kwa miaka miwili sikukiona. Nilidhani nilikuficha aibu. Kumbe nilichokunyang'anya ni hiki walichokuwa wanabishania: kusema nitakwenda, au kusema siendi. Pengine ungekataa ukacheka. Pengine ungekwenda, na ukijua watu watakuwa wamesimama ungewapigia wimbo wa watu waliosimama. Wewe ungeamua.

Mwishowe Jumbe akanigeukia. "Wewe ndiye wamjua kuliko sisi," akasema. "Angesomewa yote siku ile, Mbwana angekwenda?"

Nilifungua mdomo kukujibia. Nilikuwa na jibu, tena zuri. Kisha nikaufunga. Nikamwambia, "Sijui. Nitamwuliza mwenyewe."

Sikuandikii ili urudi, wala sikuombi uipokee samahani yangu kwa posta ya kwanza. Ukikasirika, una haki, na uniandikie hasira yako yote kwa herufi zako, nitazisoma zote. Nakuuliza tu, kaka.

Ungekwenda?

Nduguyo mdogo, uliyemsomesha